Mwaka wa Goti la Faustin

Tulimzika Faustin siku ya Jumatano, mvua ilipotupa nafasi kidogo, kisha tukarudi nyumbani kwake mtaa wa Nyakasanza kukaa matanga chini ya turubai lililofungwa kati ya ukuta wa jirani na mti wa parachichi. Kisukari ndicho kilichomwondoa, polepole, kikianzia kwenye vidole vya miguu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wamama wa mtaa, nimechoka ule uchovu ambao usingizi hauutoi. Siku hizo kazini tulikuwa tumepokea watoto wengi kutoka kambi za wakimbizi wa Djugu, wengine wameguswa na panga, wengine na moto, na vidole gumba vyangu, ambavyo ndivyo vyombo vyangu vya kazi, vilikuwa vinauma tangu asubuhi hata nikashindwa kushika vizuri kikombe cha chai. Upande wa wanaume, wachezaji wa zamani wenye mvi na vitambi walikuwa wakibishana kuhusu goli moja la marehemu, mmoja akidai alilipiga kwa mguu wa kushoto, mwingine akiapa kwamba yeye ndiye aliyempa ule mpira na kwamba ulipigwa kwa kichwa. Binti yake mdogo, Espérance, aliyekuwa akipitisha chai, akainama karibu yangu akaniuliza, "Mama Odette, weye na papa mulijuana wapi?" Nikamwambia, "Ku goti yake." Akacheka kidogo, akidhani namtania ili kumpunguzia huzuni, kisha wakamwita jikoni, nami sikuwa na nguvu ya kumfuata. Kama ningemfuata, ningemweleza haya.

Mwaka wa goti lile nilikuwa msichana aliyetoka tu Kisangani na diploma ya kunyoosha viungo na kuvirudishia nguvu. Huku kwetu kazi hiyo haijapata jina la Kiswahili. Watu husema kine, na mwenye kuifanya naye ni kine. Hospitali ya misheni iliyonipokea hapa Bunia ilikuwa imetupa chumba cha zamani cha kufulia mashuka. Sakafu yake iliinama kuelekea tundu la maji katikati, hivyo kila kitu cha mviringo kilichoanguka kilikwenda kusimama palepale. Fito mbili za kushikia wakati wa kujifunza kutembea zilikuwa mabomba ya maji yaliyounganishwa na fundi wa chuma. Magodoro yalikuwa sponji iliyofunikwa plastiki. Vifuko vya mchanga vya kuongeza uzito mguuni vilishonwa kutokana na miguu ya suruali za jinzi zilizochakaa. Kulikuwa na harufu ya kafuri, ya mkojo wa watoto na ya makaa, kwa sababu kwenye kona tulikuwa na jiko la kuchemshia maji ya taulo, na mwezi wa kwanza harufu hiyo ilinifuata hadi kitandani. Leo tuna chumba cha vigae vyeupe na mashine za kuwashwa, na vijana wangu wa kazi wakianza kulalamika kwamba umeme umekatika, huwa nakikumbuka kile chumba cha kufulia, lakini bila kukitamani. Kilikuwa kibaya. Ni kwamba tu ndani yake ndimo nilimofundishwa.

Mkuu wangu alikuwa Papa Anselme, mtu mrefu, mkondefu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. "Asubuhi njo ya batoto," aliniambia siku ya kwanza, "na nyuma ya saa nane njo ya batu ya mupira. Batoto banalia, lakini batu ya mupira banalia zaidi." Wagonjwa wake walikuwa watoto wanaoletwa migongoni na wachezaji wa timu ya mji wanaoletwa kwa pikipiki, na kati ya makundi hayo mawili nguvu zake zilikuwa zimeisha. Mchana tulikula pamoja juu ya meza ya mazoezi, sahani moja kati yetu: maharagi na mandazi ya mama mmoja wa langoni, au bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku njema ndakala, vidagaa vya ziwani, waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika mdomoni. Alipokula hakuongea. Na mama yeyote aliyemwuliza kama mtoto wake atatembea alipewa jibu lilelile: "Atatembea, mama, Mungu akipenda." Wakati ule nilidhani ni uongo wa mtu mvivu. Sasa nimeufikia umri aliokuwa nao na kuupita, na najua ulikuwa uchovu. Kuna siku mtu hana nguvu ya kuubeba uso wa mama anayesikia hapana.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja Koko Rozalia, bibi kutoka upande wa Kpandroma, amembeba mjukuu wake mgongoni kwa kitenge. Mtoto aliitwa Mave. Alikuwa na umri wa kama miaka minne, lakini ukimpokea mikononi ulihisi uzito wa mtoto anayenyonya. Mama yake alishikwa na uchungu huko mlimani, gari likakosekana, akakaa nao mpaka nguvu zikamwishia. Mama alikufa mtoto alipotoka, na mtoto akatoka bila kulia. Tangu siku hiyo miguu ya Mave ilikuwa migumu, imepishana kama mkasi, shingo haikuweza kichwa, mikono imejikunja kifuani. Macho lakini yalifuata kila kitu. Kwa wiki kadhaa nilimlaza ubavu kwenye sponji, nikimfungua mapaja taratibu, naye alilia kwa sauti nyembamba isiyokatika, huku bibi yake amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, akiitazama mikono yangu. Asubuhi moja Papa Anselme alikuwa ameitwa kwenye wadi, na tulibaki sisi watatu.

"Kine," Koko Rozalia akasema, "huyu mutoto atatembea?"

Nilijua jibu la chumba kile. Lilikuwa karibu, ningeweza kulichukua tu.

"Hapana, koko," nikasema. "Hatatembea."

"Hata na fimbo?"

"Hata na fimbo. Ubongo yake iliumia siku ya kuzaliwa. Miguu haina makosa, lakini hakuna mwenye kuiagiza."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji, na nilisubiri kilio ambacho nilikuwa nimekiandalia mabega. Hakulia. Alivuta ncha ya kitenge akampangusa Mave mate, akasema, "Ninajua. Kila mutu ananiambia atatembea, na mi narudia nyumba, naangalia ile miguu, najiuliza kama ni miye njo niko wazimu. Sasa tuache miguu, mutoto yangu. Unionyeshe namna ya kumukulisha. Kila siku anaziba pumzi. Naogopa nitamuua na bugali."

Sikuwa nimewahi kumwona Mave akila. Shuleni tulisoma viungo, na chakula kilikuwa cha ukurasa mwingine. Kesho yake Koko Rozalia alileta uji wa mahindi kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko, nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Alimlaza chali mapajani, kama wafanyavyo wamama wengi kwetu, akamimina uji kwa kiganja, na mtoto akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikamchukua. Nikamkalisha mapajani mwangu, mgongo wake kifuani pangu, nyonga zimekunjwa vizuri, kidevu nimekishusha kidogo kwa mkono, nikaweka uji kidogo sana kwa kijiko kwenye ncha ya ulimi, nikasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Akameza. Uji ule ulichukua asubuhi yetu yote. Ulipoa tukaupasha kwenye jiko la taulo, ukapoa tena, na wamama wengine waliacha watoto wao kwenye magodoro wakaja kusimama nyuma yetu. Kisha Koko Rozalia akakaa mahali pangu, akamshika vilevile, na Mave alipomeza bila kukohoa, bibi aliendelea, kijiko baada ya kijiko, mpaka sufuria ikakwanguliwa. Mtoto alikuwa bado anafungua mdomo. "Wakati hii yote," Koko Rozalia akasema bila kumwambia mtu, "kumbe alikuwa na njaa."

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimehudhuria semina Kampala na Goma, na bado nikiulizwa nilianza lini kuwa kine najibu ni asubuhi ya ule uji.

Faustin aliletwa katikati ya msimu wa mechi, wenzake wawili wamemshika makwapani, goti la kulia limevimba kama papai. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya mji. Hata mimi, ambaye mpira ulikuwa haunihusu, nilijua jina lake kwa sababu watu wa pikipiki walilipiga kelele barabarani kila Jumapili jioni. Papa Anselme alilipapasa goti, akaukunja mguu, akauvuta mfupa wa chini mbele, kisha akanitazama ili nami nivute. Mfupa ulikuja kwenye mikono yangu kama droo ya meza. Kamba ya ndani ya goti ilikuwa imekatika. Kuipasua na kuitengeneza upya wakati ule ilikuwa habari ya nchi za mbali. Kilichobaki kwetu ni kuilea misuli ya paja mpaka ijifunze kufanya kazi ya kamba, kwa miezi, bila ahadi.

Siku chache baadaye alikuja rais wa timu, mfanyabiashara wa mafuta ya gari, amevaa vizuri na kunukia vizuri, akasimama mlangoni bila kuingia kwa ajili ya ile harufu yetu. Ilikuwa asubuhi, saa ya watoto, na chumba kilijaa. "Mademoiselle," akaniambia juu ya vichwa vya wamama, "mu juma mbili kuko mechi ya batu ya Kisangani. Mumupige shindano ya dawa, mumufunge bandi, atacheza." Faustin, aliyeletwa siku hiyo kabla ya saa yake kwa ajili ya rais, alikuwa kwenye godoro akikubali kwa kichwa. "Mi niko tayari, rais." Papa Anselme aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Nikaona hakuna mwingine wa kusema, nikamgeukia Faustin.

"Simama," nikamwambia. "Ruka na huo mguu mubovu peke yake. Ukiruka bila kushika kitu, uende ucheze."

Alisimama, akamtazama rais, akaruka. Goti likateleza chini yake, akaanguka na uzito wake wote kwenye sponji katikati ya vifuko vya mchanga, mguu juu, na mdomo wake ukatoa mguno kama wa ng'ombe. Kisha kwenye kona ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitambua mara moja, kavu, ya kukatikakatika. Mave alikuwa anacheka. Bibi yake akamfunika mdomo kwa kiganja. "Tusamehe, kaka," akasema kwa aibu, "hajui." Rais akaondoka akisema nje, kwa sauti ya kusikika, kwamba hospitali ile imeiroga timu yake. Faustin alibaki amelala chali, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Akauliza, "Nani ananicheka?" Koko Rozalia akamwinua Mave ili amwone. Wakatazamana, mtu mzima mwenye machozi na mtoto mwenye mate, na Mave akacheka tena.

Hapo nikawapanga pamoja. Nilimwambia Faustin aache saa yake ya mchana, aje asubuhi, na nikamwekea godoro kando ya lile la Mave. Sababu ilikuwa ya kazi kabisa: Faustin alipoinua mguu wenye kifuko cha mchanga aliguna, na akiguna Mave alicheka, na ili acheke vizuri ilibidi ainue kichwa amwone. Shingo ile niliyoibembeleza wiki baada ya wiki bila kitu ilikuwa inainuka yenyewe. "Lia zaidi," nikamwambia Faustin. Mwanzoni aligeuza uso kwa ajili ya mate ya mtoto na ile miguu ya mkasi. Baadaye nikaona anampangusa kwa taulo lake mwenyewe. Baadaye zaidi alikuja na bidon, dumu la njano la mafuta ya kula, akaikata kwa kisu upande mmoja, akafunga kingo kwa vitambaa, akaniuliza kama mtoto anaweza kukaa humo. Alikaa. Tulijaza nguo kuukuu pande zote, na Mave, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliutazama ulimwengu akiwa ameketi. Koko Rozalia alizunguka mbele yake mara nyingi, akipita kushoto na kulia, kwa sababu tu ya kumwona akigeuza macho kumfuata.

Chini ya dirisha letu kulikuwa na benchi ambalo wamama walingojea zamu, na dirisha halikuwa na kioo. Waliongea kana kwamba ukuta ulitosha. "Huyu mutoto-mwanamuke hana bwana, hana mutoto, atajua nini?" "Acha weye, anajua kupita bwana yako." Vicheko. "Na ule wa mupira, anakuja juu ya goti ao juu ya kine?" "Goti haivae shati ya pasi kila asubuhi." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilisikia, nikajifanya nasugua taulo ndani ya beseni. Faustin naye alisikia, kwani masikio yake yalibadilika rangi, na kesho yake alikuja na fulana. Hakuna zaidi la kusema. Alioa mwingine, nami nilicheza kwenye arusi yake, na mke wake alikuwa rafiki yangu mpaka alipomtangulia kaburini.

Wakati mahindi yalipokauka mashambani, Mave alikuwa anaweza kukaa kwenye bidon yake muda wa wimbo mzima wa kanisa kichwa kikiwa juu, na Faustin alikuwa anaruka kwa mguu uleule kutoka mlangoni hadi ukutani. Nilipoliona paja lake limejaa tena, nilijivunia kama mpishi. Kocha mmoja wa Kampala, aliyekuwa amemwona kabla ya kuumia, alituma habari kwa wafanyabiashara wa ziwani kwamba aje ajaribiwe. Faustin alituambia siku hiyo tukiwa tunakula, ndakala na bugali, na Papa Anselme, ambaye alikula bila kuongea, akaweka tonge chini akasema, "Kama utaanguka huko, usiseme ni siye tulikutengeneza." Tulicheka. Alikuwa aondoke juma lililofuata.

Risasi zilianza asubuhi moja kabla ya safari yake, watu wakiwa wanapasha chai. Nani alimpiga nani na kwa nini, wengine wameandika, wengi wao kwa hasira. Mimi nitaandika nilichokiona njiani. Nilitoka hospitalini na koti langu jeupe bila hata kurudi nyumbani, nikaingia katika mto wa watu unaokwenda upande wa Bogoro na ziwa, magodoro vichwani, mbuzi, mashine za kushonea, mzee mmoja amebebwa kwenye kiti. Faustin alinikuta baada ya mji. Begani alikuwa na mfuko wa michezo, ule aliokuwa amepanga nao viatu vyake vya Kampala. Mbele ya Bogoro, kando ya njia, tukamkuta Koko Rozalia ameketi kwenye majani, Mave mgongoni, miguu ameinyoosha mbele kama alivyozoea kukaa chumbani kwetu. Alikuwa ametembea mpaka mwili ukakataa.

"Bebeni mutoto," akasema. "Miye nitafuata."

Hakuna aliyemwamini. Faustin akaweka mfuko chini. "Mumufunge ku mugongo yangu," akaniambia.

Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu wa kushukia ziwani, mawe na changarawe. Nilijua kila msuli wa lile goti. "Faustin," nikasema, "goti yako haiyazoea bado kushuka na muzigo. Ukiteleza mara moja tu, imekwisha."

"Ninajua."

"Kampala imekwisha."

"Nimesema ninajua. Sasa weye utabeba nani? Mutoto ao koko?"

Nilimtazama koko, nikamtazama mtoto. Nikamfungua Mave mgongoni mwa bibi yake nikamfunga mgongoni mwa Faustin, kitenge kikipita chini ya matako na kukazwa kifuani, na pale, kwenye kiuno kipana cha mwanamume, mapaja ya mtoto niliyohangaika kuyafungua mwaka mzima yakakaa yamefunguka. Nikamwinua Koko Rozalia, nikapitisha mkono wake shingoni kwangu. Mfuko wa viatu ulibaki kwenye majani.

Tulishuka. Ziwa lilikuwa linang'aa chini yetu, tulivu, na lilikataa kukaribia. Faustin alishuka vizuri, kwa akili, kama nilivyomfundisha, mpaka mahali ambapo watu wa nyuma walisukumana na mtu akamgonga bega. Unyayo ulibaki katikati ya mawe mawili na mwili ukageuka. Niliusikia mlio wa goti, nikiwa nyuma yake; umekaa masikioni mwangu hadi leo. Hakuanguka mbele. Alijikunja akakaa, akigeuka ili mgongo usiguse mwamba, na akaguna ule mguno wake wa ng'ombe. Na Mave, mgongoni, akacheka. Alidhani tumeanza mazoezi.

Nilivua koti jeupe nikalichana, nikalifunga goti lililokwama nusu limekunjwa. Mwanamke mmoja asiyetujua alinipa mpini wa jembe lake uwe fimbo ya Faustin, akaendelea na safari. Nilimwambia Faustin anipe mtoto, akasema koko ataanguka nikimwachia, na ilikuwa kweli. Basi tukashuka hivyo, yeye akishuka upande upande, mimi nyuma yake nikisema kwa sauti ile ya chumbani: "Mubovu kwanza. Sasa muzima. Mubovu kwanza. Sasa muzima." Nilisema hayo mpaka sauti ikakauka, na tulipofika Kasenyi miongoni mwa mitumbwi na watu wanaolia majina ya watoto wao, midomo yangu iliendelea kuyasema bila sauti.

Tulivuka. Upande wa pili kulikuwa na mahema, foleni za maji, na mvua. Koko Rozalia alimpata huko mtoto wa dada yake mwenye shamba, akabaki kwake na Mave, nasi hatukumwona Mave tena. Miaka baadaye wauza samaki waliniletea habari kwamba malaria ilimchukua akiwa msichana mkubwa, na kwamba nyumba ile ilikuwa imezoea kumketisha mezani pamoja na wengine. Nilikwenda kumwambia Faustin kwenye karakana yake ya pikipiki. Aliweka spana chini, akafuta mafuta mikononi kwa muda mrefu. "Alikuwa anakula muzuri?" akauliza. Nikamwambia wanasema alikuwa anakula vizuri. Akakubali kwa kichwa, akaichukua spana. Wakati fulani watu huniuliza kama kazi yangu hunivunja moyo, na sijui niwajibu nini, kwa sababu moyo sio unaochoka. Ni mabega, na magoti, na hivi vidole.

Nilirudi Bunia mji ulipotulia, mwaka ule ukiwa unaisha. Chumba cha kufulia kilikuwa kimebaki kuta. Mabomba yameng'olewa, sponji imekwenda, mtu alikuwa amepikia katikati ya sakafu na mbuzi walilala humo. Papa Anselme alikuwa Beni kwa wakwe zake, na alituma neno kwamba harudi. Binamu yangu alikuwa ameniahidi nafasi ya kuuza vitenge sokoni, na nilikuwa nimekubali. Nilikuja pale kuangalia tu kama kuna kitu changu kilichobaki. Nikakaa kwenye kizingiti. Hapo ndipo alipokuja Faustin, juu ya fimbo, mguu wa kulia mwembamba ndani ya suruali.

"Kine iko?" akauliza.

"Kine imekwisha. Angalia mwenyewe."

Akachungulia ndani, akarudisha kichwa. "Mi sikuulize vyombo. Nimeuliza weye."

Nilikuwa nimechoka mno kupamba maneno. "Faustin, ile goti haitacheza mupira tena. Hata tufanye miaka mingapi."

"Nani amesema mupira?" Alijishusha taratibu akaketi kando yangu, mguu mbovu mbele. "Mi nataka kuchuchumaa. Ku choo nashika ukuta sawa muzee. Na jana ukuta yenyewe ikaanguka."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu upande wa pili wa ziwa, na kicheko kilipoanza hakikujua mahali pa kusimama. Kikageuka kikawa kilio, na Faustin alitazama uani akanisubiri, kama mtu aliyeko kwenye zamu. Nilipomaliza nikavua viatu. Nilivunja tawi nikafagia majivu na mavi ya mbuzi kuelekea tundu la maji, na kwa kuwa hapakuwa na godoro wala mkeka, nikafungua kitenge changu cha juu nikakitandika kwenye saruji. Faustin akalala chali. Nikapiga magoti kando yake, nikaweka kiganja juu ya paja, pale lilipokuwa limenyauka mpaka mfupa ukahesabika.

"Kaza," nikamwambia.

Hapakukaza kitu.

"Tena."

Alifumba macho. Chini ya mkono wangu kitu kidogo sana kikatikisika, kikapotea.

"Tena," nikasema.